Randa Ndogo ya Mjomba Donato

Mtaa wa Mulberry, New York
Machi 12, 1938

Kwa dada yangu Filomena,

Kuanzia leo ukiniandikia, weka juu ya bahasha "Fundi Mkuu Nunzio", maana New York nzima hakuna mwenye sikio la gitaa kunishinda, na aliyekuwepo amejiuzulu juzi. Usicheke. U hali gani huko Providence? Shemeji bado anakoroma? Sisi wazima wa mwili, ila Mjomba Donato hagusi makaroni wala hagombani na mtu, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Unamkumbuka Ruggero, yule mpiga gitaa anayejipaka mafuta kichwani kama anataka kukaanga samaki? Alitaka gitaa la kusikika katikati ya tarumbeta nne. Mjomba akampa mawili ayapime. La kwanza mbavu zake za ndani, vile vijiti vinavyoushikilia uso, zimelazwa sambamba: sauti kavu, kali, inapenya kama mama akituita kutoka dirishani. La pili mbavu zimepishana msalaba: sauti tamu, ya kubembeleza, lakini tarumbeta moja tu inaimeza. Ruggero akachagua mbavu sambamba, halafu akachokoza kwamba kiwandani siku hizi hawachongi, wanabana mbao kwa mashine, na gitaa linalia vilevile. Mjomba akamwambia hilo linalia kama sufuria yenye supu, akawapigie paka.

Miezi mitatu Mjomba aliuchonga uso wa gitaa la Ruggero kwa ubao aliokuja nao melini kutoka Avellino. Unamjua: anakwangua kidogo, anaugonga kwa kifundo cha kidole, anasikiliza, anakwangua tena. Jumamosi akagonga, akafumba macho, akasema basi, hapa hata unywele usitoke. Jumatatu akaufunga kwa gundi juu ya mwili wa gitaa.

Alhamisi Ruggero akaja na wenzake wawili. Mjomba akakaza nyuzi mwenyewe. Uso ulizama chini ya daraja la nyuzi taratibu, kama mtu anayekalia kiti kibovu, halafu paa! Ufa, juu mpaka chini. Ruggero ndiye aliyeanza, akasema pole mzee, kumbe lile la supu lingevumilia. Wenzake wakaangua kicheko. Na Mjomba hakumtukana. Mjomba huyu huyu! Alivitazama vidole vyake kama vya mtu mwingine, akasema masikio yake yamemtangulia kufa. Akavua aproni. Kisha akanitia kiganjani ile randa ndogo ya shaba, isiyozidi kidole gumba, aliyorithi kwa baba yake, akasema shika, mwanangu, wewe bado unasikia.

Masikio ya Mjomba hayana kasoro, dada. Jumapili ile kabla ya gundi, alipokwenda misa, niliugonga ule uso, nikaona bado mzito. Nikachukua randa hiyo hiyo, nikakwangua upande wa ndani, ili Ruggero akilisikia gitaa niseme hilo ni la kwangu. Ukalia kama kengele. Nikajipigia makofi peke yangu.

Msalimie shemeji, wabusu watoto. Ile habari ya bahasha iache, Mjomba ndiye anayepokea barua. Sasa hivi yuko chumba cha pili, anagonga meza kwa kifundo cha kidole, anasikiliza, anagonga tena. Randa iko mfukoni mwangu, na sijamwambia.

Mdogo wako,
Nunzio