Weupe Mgongoni mwa Mama Mdogo

Lipangalala,
Ifakara.
6 Juni 1996

Mpendwa kaka Raimundi,

Shikamoo. Natumaini huko kambini Arusha mnaamka salama, na kifua chako kimeshazoea baridi. Sisi Mungu anatutunza. Mpunga umetoka vizuri, na mguu wangu umepungua kuvimba.

Kaka, barua uliyomwandikia Fridolin ameniletea niisome, huku anachekelea. Eti kuhusu mama mdogo Scolastica, "kama ni kwa amani ya ukoo, apelekwe kwa mganga akanyolewe nywele, uchawi umtoke." Mama mdogo aliyekulisha uji mama yetu alipolazwa! Umemwamini Fridolin kwa kuwa ni mtoto wa mjomba na ana mashine ya kukoboa. Mota yake imeungua mara mbili msimu huu, naye anasema ni kwa sababu alimnyima mama mdogo pumba. Mota ikiungua, mjane ndiye mchawi. Akili gani hizo?

Sasa nikueleze habari za Levina wangu, yule uliyesema ufundi umeme utamkosesha mume. Huko kwenye mitambo ya umeme wakubwa wamemchagua yeye, kati ya wanaume tisa, kushika kamera ya joto. Najua utaguna. Ulipokuja likizo ulitutambia kwamba kamera hizo ni za vita, zinaona vifaru vya adui gizani kwa joto la injini, zinabebwa na askari wawili, na msichana hawezi kuzielewa. Kaka, habari zako zimechacha. Levina anaishika kwa mkono mmoja kama pasi. Ninyi huko mnamtafuta adui ambaye haji. Mwanangu anatafuta waya unaotaka kuungua, na anaupata. Viwandani nako wanakagua mabomba na mashine vivyo hivyo, bila kuzima kitu.

Wiki iliyopita alikuja na mkuu wake kukagua transfoma za hapa mjini, nikamwomba apite kwa Fridolin. Bwana Fridolin kusikia kamera, akakimbia ndani, akarudi na koti lake la harusi, nywele kachana, akasimama kando ya mashine apigwe picha! Levina akamwonyesha kwenye kioo cha kamera: uso mweupe kwa joto, pua nyeusi tii, kwa kuwa pua ina baridi. Akaruka nyuma kama amekanyaga nyoka. Wenye magunia kwenye foleni walicheka hadi wakakaa chini.

Levina akaielekeza kamera kwenye boksi la swichi. Nyaya tatu: mbili za kijivu, wa tatu mweupe kama unga. Nati imelegea, waya unapata moto, basi. Umeme ukikatika kwenye waya huo, mota inavuta kwa mbili zilizobaki mpaka inaungua. Hata mimi wa darasa la nne nimeelewa.

Fridolin hakusema hata asante. "Kama inaona yaliyofichika, mpige na huyo bibi!"

Mama mdogo alikuwa anapepeta pumba pale pembeni. Akamtua mjukuu wake Agnella chini, akaja. "Nipige, mwanangu, tumalize." Alipogeuka, kwenye kioo cha kamera mgongoni pakaonekana weupe wa duara.

"Huyo! Hirizi hiyo!" Fridolin akapiga kelele.

Kaka, sikufichi, hata mimi nilifanya ishara ya msalaba, maana sikujua ni nini.

Levina akamnyanyua Agnella, akambandika mgongoni kwa Fridolin, juu ya lile koti. "Mbebe, mjomba. Hesabu hadi mia mbili." Akahesabu, jasho linamtoka. Mtoto kushushwa, koti nalo likaonyesha weupe uleule, na alama za miguu miwili.

"Basi nawe unayo hirizi, mjomba. Ni joto la mtoto."

Ungedhani yamekwisha. Nati ikakazwa, na mashine inakoboa tangu Jumatatu bila kukohoa. Sasa mpumbavu huyo anasema imepona kwa sababu mama mdogo ameogopa akaondoa uchawi wake! Safari ya kwa mganga bado iko palepale, Jumamosi tarehe 29, sikukuu ya Petro na Paulo, kwa ruhusa yako wewe mkubwa wa ukoo. Anaitembeza barua yako kama waraka wa askofu.

Mama mdogo jana nilimkuta anajisuka nywele, mvi tupu, taratibu sana, kama mtu anayeaga.

Kaka, nenda posta upige telegramu. Maneno matatu yanatosha: Raimundi amekataa kabisa. Usipopiga, siku hiyo nitapanda lori la kwenda kwa mganga pamoja na mama mdogo, na Levina amesema ataomba ruhusa kazini apande pia. Tutakaa chini tunyolewe wote watatu. Halafu tutapiga picha, ile ya kawaida ya rangi, nikutumie uwaonyeshe askari wenzako: hivi ndivyo vichwa vya wanawake wa kwetu, na mimi Raimundi ndiye niliyetoa amri.

Msalimie wifi Yosefina, na Marselino, mwambie shangazi yake anamwekea mchele mpya. Kaka Beno wa Lupiro anakusalimu, naye ameshakataa.

Mungu akujalie usingizi mtamu ukishatoka posta, si kabla.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda hata leo nikiwa na hasira,

Emerensiana (Mama Levina)