Paa la Bi Zuhura

Alhamisi, Oktoba inaisha. Mwezi wa saba tangu nitoke Kasulu. Asubuhi mawingu, alasiri mvua ya kwanza ya vuli hapa Bagamoyo. Nyepesi tu, lakini imeniumbua.

Nimeletwa kwenye nyumba ya zamani ya mawe na chokaa, haikaliwi na mtu. Bosi aliniambia nishushe mabati yote, nisipandishe mengine. Hakunificha: nyumba ya kale huwezi kuibomoa bila kibali, ila ikianguka yenyewe kwa mvua, nani atamuuliza? Yeye anataka kuuza kiwanja.

Mama yake mkubwa, Bi Zuhura, ni mrithi mwenzake, na hataki kuuza. Kwa hiyo bosi akamdanganya kwamba tunabadilisha paa.

Na mimi nikaitikia.

Kila Alhamisi Bi Zuhura huja kufukiza ubani kwenye chumba walichofia wazazi wake. Huniletea mihogo ya nazi. Hunitania: "Wewe Muha, paa hili likivuja nakupandisha juu ulale hapo uzibe!" Nacheka, nakula. Nimekula mihogo yake huku najua.

Leo alikuwa ameinamia chetezo mvua ilipoanza. Matone yakaangukia makaa, makaa yakafuka mvuke, yakazimika. Akatazama juu. Mawingu matupu. Sikujua macho yangu niyaweke wapi.

"Mwanangu, hayo mabati mapya yanakuja lini?"

"Karibuni, bibi."

Akaokota ubani uliolowa, akaufunga kwenye pindo la kanga, akaenda zake. Nikagusa ukuta. Chokaa ikanibaki kiganjani kama uji.

Sijaiba kitu hapa. Najiambia hivyo tangu alipoondoka, na hainisaidii.

Mabati ya zamani bado nimeyapanga uani. Gari la bosi linayafuata Jumamosi. Kesho asubuhi nayarudisha juu. Yana matundu ya misumari, lakini afadhali hayo kuliko mbingu. Nikimaliza naenda kwa Bi Zuhura nimwambie yote, hata akinirushia chetezo. Bosi hatanilipa. Hilo nalijua.

Mama Riziki, mke wangu, najua unasoma haya ninayoandika hapa mtandaoni. Nilikuahidi nitafika Kasulu Jumapili. Usinipikie Jumapili. Nauli nitaitafuta upya, kwa kazi nyingine. Nitakuja vuli ikishapita, nikiuona ule ukuta bado umesimama.