Mbegu Niliyoiahidi Mkutanoni

Mama Deo, mkwe wangu, hamjambo huko Mwazye? Mimi nipo Sumbawanga kwa dada yangu, upepo wa huku mtaani Mazwi unanikata masikio.

Leo kwenye mkutano wa kilimo bwana shamba kasema serikali haileti tena mbolea ya bei nafuu. Eti turudie intumba, tufukie nyasi kwenye matuta kama wazee. Walitukataza wao wenyewe, leo wanatubembeleza! Wanatafuta na mbegu ya ulezi wa zamani, waipande shamba la wilaya. Wanawake wote wakainamisha vichwa, hakuna aliyenayo. Nikasimama mimi: "Ninayo, kibuyu kizima, nyumbani Mwazye juu ya jiko."

Wakanipigia makofi. Jirani yako Mama Anyesi, naye kaja mkutanoni, akanivuta khanga: "Bibi, kaa chini. Ulezi ule mkweo aliufanya kimea, pombe ya kipaimara cha Deo."

Wewe hukuniambia! Nami niliinywa, nikaisifu.

Kesho nitasimama tena mbele ya watu niseme sina. Wafunike watoto vizuri, baridi ni kali. Nawakumbuka wote, hata wewe. Wapikie uji wa mahindi, maana wa ulezi ule hawataujua tena.

Ni mimi, bibi yao.