Kompyuta ya Sebuleni Isizimwe

Mama na Ajiko,

Nimeenda Malaba na flashi. Kompyuta ni marufuku kuzimwa wala kugeuzwa runinga, na antena isielekezwe Uganda hata kama kuna mpira.

Programu mbili za kurekodi runinga nilizifukuza: moja ilitoa sauti bila picha, nyingine ilikata wimbo katikati. Ya tatu ilinasa kwaya ya Nyanya yote jana. Asubuhi nikasimamisha picha akiwa amepanua mdomo, nimcheke. Nyanya akausogelea uso wake, akagusa kioo.

"Huyo ni mama yangu kabisa. Sijawahi kuwa na picha yake."

Nilishindwa kucheka.

~~Nitaitupa kwenye grupu la familia.~~ Nitaichapisha, iwekwe fremu.

Nyanya bado amekaa hapo na mama yake. Wapelekeeni chai.

Kaka mkubwa,
Okiror