Gome la Mti wa Arap Tonui

Jumanne, alasiri. Mvua ya mawe imekoma sasa hivi, na chai yote mbele ya dirisha langu imechanika majani. Miguu imevimba. Daktari ameacha kunificha hali yangu, nami sina haki ya kuendelea kuficha jambo nililolifunika miaka kumi na tisa.

Ni kuhusu mti wa Arap Tonui.

Tonui ni jirani yangu hapa Merigi, tena ni rika langu, tulitahiriwa pamoja. Tangu nishindwe kutembea huniletea maziwa kila siku. Jana alichungulia mlangoni akasema, "Mwalimu, bado uko? Na mimi nimeshafua suti ya mazishi!" Nilicheka mpaka nikakohoa. Alipoondoka sikuweza kuyanywa maziwa yale.

Mti huo ulisimama karibu na mpaka wetu, upande wake. Kivuli chake kilifunika mistari minne ya chai yangu, na mizizi yake ilikunywa maji kabla ya chai kuyaona. Nilimwomba aukate. Alikataa, kwa sababu ulipandwa na baba yake.

Nilifundisha baiolojia miaka thelathini. Maji hupanda kutoka mizizini kupitia ndani ya mbao, yakibeba madini ya udongo. Chakula kilichotengenezwa na majani hushuka kupitia gome. Ndiyo maana kwenye mashamba makubwa ya chai, kabla ya kung'oa mti wa kivuli, wafanyakazi hubandua gome pete nzima kuzunguka shina. Maji huendelea kupanda, majani hubaki kijani miezi mingi, huku mizizi ikifa njaa taratibu, isiache chakula cha kuvu ambayo ingehamia kwenye chai.

Mpita njia hashuku kitu.

Mti wa Tonui ulianza kukauka wakati mwanawe, Kibet, alikuwa ametoka kubandua kipande cha gome upande mmoja, dawa ya kifua cha mama yake. Tonui akaita kokwet, kikao cha wazee wa kijiji. Wakanigeukia. "Mwalimu, wewe ndiye unajua miti. Kidonda hiki kinaweza kuua mti?"

Hakiwezi. Gome likibaki upande wa pili, chakula hupita. Mwanafunzi wangu yeyote angewajibu hivyo.

Nikasema kinaweza.

Tonui alimfukuza mwanawe siku hiyo hiyo. Kibet yuko Chebunyo, na ana watoto ambao babu yao hajawahi kuwabeba. Kibet husoma blogu hii, na kila mara huniandikia: "Pona haraka, Mwalimu wangu."

Kesho Tonui akija, nitamsomea haya kabla sijapokea kikombe chake. Naogopa uso wake kuliko kaburi.

Kibet, kidonda chako hakikuua mti. Chini yake, usawa wa nyasi, kulikuwa na pete nzima, upana wa kiganja. Niliikata mimi kwa panga langu. Na asubuhi ya kikao, kabla ya wazee kufika, nilipiga magoti nikaifukia kwa udongo.