Mafuta Yaliyoganda Kwale

Kwale, 6 Julai 1964

Kwa kaka yangu Alfani, Mwabungo.

Shikamoo kaka. Naomba barua hii ikukute umeamka vyema, wewe na wifi. Sisi huku tumo, ila baridi ya kilima mwezi huu inatuingia mpaka magotini. Esha wetu ametimiza miezi saba na ana meno mawili, na kifuani kwangu ndiko anakoyajaribia.

Kaka, pikipiki ya marehemu baba imekufa. Wiki tatu tu tangu uniletee! Safari ya mwisho ilipanda kilima ikitoa moshi wa bluu, na harufu yake ni ya mahamri yaliyoungua ndani ya mafuta ya juzi. Nilishuka nikatapika kando ya njia, mtoto mgongoni. Sasa ukipiga kiki mguu unazama tu, kama unakanyaga uji.

Unajua kwa nini nina haraka. Mguu wa mwanangu uliozaliwa umepinda unafungwa plasta Msambweni. Kila baada ya wiki mbili, siku ya Jumatatu, hukatwa, mguu ukanyooshwa kidogo, ukafungwa nyingine. Basi la siku hiyo hakuna. Daktari alituambia wazi: mkikosa mara mbili mguu utarudi ulikotoka. Leo tumekosa ya kwanza.

Mume wangu, mwalimu Suleiman, anaiendesha vizuri, lakini spana akiishika utadhani ni chaki. Nitaifungua mwenyewe. Mimi ndiye niliyekuwa nikimpa baba vyombo, wewe ukiwa uwanjani kwenye mpira. Lakini umeipanda miaka miwili tangu arubaini yake, ingawa katika urithi yako ilikuwa minazi na yangu ilikuwa hii. Ulinikabidhi ukasema ni nzima. Niambie nianzie wapi.

Mdogo wako,
Mwanapili


Mwabungo, 13 Julai 1964

Kwa mdogo wangu Mwanapili.

Marahaba. Wifi yako anakusalimu, kuku wake wanataga, na kikohozi changu kimeniacha. Mbusu Esha mashavu yote mawili.

Umenichekesha na uji wako. Mwambie mwalimu injini si ubao, makosa yake hayafutwi kwa kitambaa. Kilima kile kinapandwa kwa gia ya pili. Yeye bila shaka aling'ang'ania ya tatu. Pikipiki ilitoka kwangu ikilia kama njiwa.

Fanya hivi. Toa plagi, mimina kijiko cha oili kwenye tundu lake, kisha piga kiki. Ikikaza, ringi za pistoni zimechoka. Isipokaza, vali haikai mahali pake. Halafu fungua kichwa cha injini. Nati zilegeze kwa kukingamisha, pembe hii kisha ya mkabala wake, kidogo kidogo. Ukimaliza upande mmoja kwanza kitapinda. Inua silinda taratibu, na uzibe tundu la chini kwa kitambaa kabla pistoni haijatokeza, maana ringi ya pili imekatika vipande viwili, na kipande kikianguka tumboni mwa injini utalia. Tangi la oili chini ya kiti liache, halina neno. Usijichafue bure.

Kaka yako,
Alfani


Kwale, 21 Julai 1964

Kaka Alfani,

Barua yako imefika. Nyumbani hapa tu wazima isipokuwa mmoja. Jana tumekosa Jumatatu ya pili.

Nilimimina kijiko cha oili kama ulivyosema, kiki ikakaza kidogo. Ringi, basi. Lakini kabla ya kugusa nati nilitazama oili, kwa sababu baba hakuwahi kufungua injini bila kutazama kwanza inalishwa nini. Nikafungua lile tangi uliloniambia niliache, nikatia kidole.

Kaka, kidole kilizama kwenye shahamu. Nyeupe, nzito, ina madoa meusi, imesimama ndani ya tangi kama ugali baridi. Jirani yangu Kahaso alikuwa amenishikia Esha. Akachungulia, akarudi nyuma. "Mama Esha, hiyo ni ya nguruwe! Nimeipikia wazungu miaka mitatu, naijua." Nikaunyoosha mkono mbali na nguo. Suleiman akatoka ndani, akasikia, akapandisha kanzu magotini kama aliyeona nyoka. "Usimguse mtoto," akasema. "Wala mimi usiniguse." Nikaosha mkono mara saba, ya kwanza kwa udongo, kama tulivyofunzwa chuo cha Kurani, na mtoto analilia ziwa akiniona. Nikaziosha na spana za baba, moja baada ya moja, mara saba kila moja. Mgongo ulitaka kukatika.

Saa nne jua likalipiga tangi. Shahamu ikalainika, ikawa maji, na uvundo ukatoka. Haikuwa nguruwe. Ni mafuta ya nazi, kaka, yaliyochacha, yale yale ya kinu chako cha kukamulia. Huko kwenu kwenye joto yanatiririka. Huku yaliganda ndani ya bomba, injini ikabaki na kiu.

Kisha nikafungua injini, nikainua silinda. Sikujua binadamu anaweza kuacha kitu kikawa hivyo. Juu ya pistoni pana masizi mororo juu ya utando wa kahawia, kama ukoko wa sufuria isiyooshwa tangu Idd. Vali ya moshi imenata katika njia yake. Ringi ya juu imezama kwenye mfereji wake haisogei. Nimekwangua kwa kijiti cha mwanzi huku nimeziba pua kwa leso, na bado chakula cha mchana sikukiweza.

Na ringi ya pili imekatika vipande viwili. Kama ulivyosema.

Barua yako ni ya tarehe kumi na tatu. Mimi nimefungua tarehe kumi na nane. Umejuaje?

Mwanapili


Mwabungo, 28 Julai 1964

Kwa mdogo wangu Mwanapili.

Shikamoo yako sikuiona mara hii, labda imedondoka njiani. Sisi hatujambo. Mvua kidogo, upepo kidogo, wifi yako amepata jipu lakini limepasuka salama.

Dzombo wa lori la mbata za nazi atakuletea kifurushi. Ndani mna ringi mpya, gasketi, vali na dawa ya kuisagia. Ringi usizipanue sana, zitakatika, na mianya yake usiipange mstari mmoja.

Kuhusu hilo uliloniuliza, fundi mzoefu hujua injini kwa mlio. Mafuta pengine wifi yako alichanganya madebe. Wanawake na madebe, unawajua!

Kaka yako,
Alfani


Kwale, 4 Agosti 1964

Kaka Alfani,

Kifurushi nimekipata. Nisalimie wifi, na umwombe radhi kwa debe ulilomtwika asilolibeba.

Tangi na bomba nimevisafisha kwa mafuta taa mara tatu. Vali nimeisaga mpaka mzingo wake ukawa kijivu kimoja, nikamimina mafuta taa nyuma yake nikangoja Esha amalize maziwa yote mawili: hakikuvuja kitone. Lakini kumnyonyesha kwenyewe kulikuwa vita, maana alikuwa akinusa mafuta taa anageuza uso. Nilijisugua kwa limau mpaka ngozi ikawasha. Ringi nilizijaribu kwanza ndani ya silinda, mwanya nikaupima kwa wembe. Kisha nikazifunga kwa uzi zibane kwenye pistoni, silinda ikashuka, uzi nikauchomoa. Mara ya nne ndiyo ilikubali. Ikawaka kwa kiki ya tatu, na mwalimu akapiga makofi kama mtoto wa darasa la kwanza.

Jana tukashuka Msambweni. Daktari alikata plasta. Mguu umerudi, kaka. Wote. Anasema mifupa bado ni laini, kwa hiyo tutaanza tena plasta ya kwanza, na kazi ambayo ingekwisha mwezi ujao itafika mwaka mpya. Niliushika wakiunyoosha. Alilia mpaka sauti ikakauka, mdomo ukabaki wazi hautoi kitu.

Ndani ya bahasha nimekutilia vipande vyako viwili. Tazama pale ilipokatika. Ringi iliyokatika juzi ina kingo kali. Hizi ni laini kama kokoto za mtoni. Imepanda na kushuka miezi ikiwa imekatika. Ulifungua, ukaona, ukafunga, ukaijaza mafuta yako mazito isigonge, ukanipa nimpandishe mwanangu.

Ningekuwa nimekasirika ningekutukana, mambo yakaisha. Nimekinai. Mchuzi wa nazi siuwezi siku ya kumi na saba leo, na Suleiman anakula maharage ya chumvi kwa ajili yako.

Pole ya karatasi usiniandikie. Panda huku Jumapili tarehe kumi na sita. Jumatatu mimi nitabaki, wewe utakaa nyuma ya Suleiman umpakate Esha, na mguu utaushika wewe.

Mwanapili


Mwabungo, 19 Agosti 1964

Mwanapili,

Nimefika salama. Wifi yako hajui ninaandika nini.

Nyumbani kwako nilishindwa kusema, hata chai yako niliiacha ikapoa. Nasema hapa. Injini niliifungua mwezi wa Ramadhani nikaiona ringi. Nikaifunga. Mafuta niliyatia kwa mkono wangu, wifi yako hakushika debe. Ulikuwa unaidai haki yako kila barua, nami niliona haya kukukabidhi chombo cha baba kikigonga. Nikataka kinyamaze siku ile tu, mbele yako. Habari za mguu nilikuwa nazijua.

Nesi aliniambia, shika hapa, juu ya goti, na mkono mwingine kisiginoni. Pistoni ile nimeishika mara nyingi, inajaza kiganja. Mguu wa Esha ulikaa hapo hapo, nafasi ikabaki. Walipounyoosha hakumtazama nesi wala daktari. Alinitazama mimi mpaka mwisho.

Vile vipande viko mfukoni mwangu. Jumatatu ya tarehe thelathini na moja nataka kwenda tena, na zinazofuata.

Kaka yako, ukinikubali,
Alfani


Kwale, 25 Agosti 1964

Kaka Alfani,

Shikamoo.

Jumatatu ile mlipomrudisha Esha alikuwa na harufu ya kinu chako shingoni, nikamwogesha mara mbili. Sikufichi, kinyaa hakijanitoka. Utakapopanda Jumapili oga kwa sabuni na uvae shati lisiloingia kinuni. Nitakuwekea leso safi ya kumkingia vumbi. Wakianza kumnyoosha mguu umwimbie, wimbo wowote, hukunjua vidole akiimbiwa. Na chai nitakayokupikia uinywe.

Oili ya pikipiki nitaitia mwenyewe.

Mdogo wako,
Mwanapili