Bao la Kasuku

Kasuku, Kindu

Kwako Yaya Josiane, dada yangu mkubwa,

Nakusalimu wewe na shemeji na wote wa huko Punia. Natumaini ule mguu umepoa na unaweza tena kufika shambani. Sisi tuko wazima, ila mvua imebomoa ukuta wa jiko na mke wangu Nicole amenuna kwa sababu sijaujenga.

Ulinipigia simu ukisema utakuja kuona nikipewa cheti cha miaka thelathini ya uamuzi wa mpira. Soma barua hii kwanza.

Juma lililopita chama cha mpira kiliniita nifundishe waamuzi wapya namna ya kukaa na watazamaji. Niliwaambia kama kawaida yangu: salimia pande zote mbili sawasawa, usinywe maji ya upande wowote, na filimbi ikishalia usimgeukie anayekuita, hata kama ni wa tumbo moja nawe. Mmoja wao, Nuru, dada mtulivu sana, akauliza afanye nini kama anayeita si shabiki bali mtu mwenye shida. Wenzake wakamcheka. Nikacheka nao, Mungu anisamehe, nikamjibu kwamba mwamuzi hana ndugu. Wakanipigia makofi.

Unaikumbuka mechi ile ya wakati wa vita, timu ya mtaa wetu wa Kasuku na timu ya wanajeshi walioshika mji. Watu walikuwa na njaa, treni hazikuwa zikifika tena, lakini uwanja ulijaa. Nilikubali bao la Kasuku mbele ya bunduki, na mpaka leo wakiniona sokoni wanasema mimi ndiye mtu wa haki: "Muntu wa haki njo huyu." Cheti chenyewe kinatokana na bao hilo. Na siku hiyohiyo mdogo wetu Kitenge alichukuliwa katikati ya watazamaji, akawabebee risasi msituni, asirudi. Mama aliniuliza mpaka anakufa kama Kitenge aliita mtu. Wewe uliniuliza kwenye matanga. Niliwajibu kwamba kelele zilikuwa nyingi, sikusikia kitu.

Yaya, nilisikia. Aliniita mara tatu. Alikuwa karibu na bendera ya kona, akasema, "Yaya Édouard, wananipeleka, waambie mimi ni mudogo wako." Mkubwa wao alikuwa amenisalimia kwa heshima kabla ya mchezo, na neno langu moja pengine angelisikia. Miaka yote hii nimejidanganya kwamba nilinyamaza kwa ajili ya haki, kwamba nikiwaomba kitu nitawalipa kwa matokeo. Uongo. Niliogopa wasije wakanichukua na mimi. Nikaangalia saa, nikapuliza filimbi, Kasuku wakapiga kona. Uwanja ukalipuka, nami nikaonyesha katikati ya uwanja kwamba ni bao. Bao lile sikuliona. Nilikuwa nautazama mgongo wa Kitenge ukitoka getini.

Nimeona aibu kukueleza kwa simu, na kukaa kimya tena siwezi. Cheti ni Jumapili ya pili ya mwezi ujao. Ukija, karibu nyumbani kwako, lakini usinipigie makofi.

Nisalimie watoto wote. Mjane wa Kitenge usimsomee barua hii. Nitakwenda Pangi kumwambia mwenyewe, akinifungulia mlango.

Ni mimi mudogo wako,
Édouard